Hivi ni haki mtu kushtakiwa kwa kisu kilicholala kwenye begi, hajamgusa mtu?

MpishiWaZamu ameandika:

Wakuu heshima kwenu. Naomba nilete hili jambo mnisaidie kulifikiria maana wiki ya pili hii limenikaa kooni, nalala nalo naamka nalo.

Mi ni mpishi, mwaka wa kumi na moja huu. Visu ni vyangu mwenyewe, nimevinunua kimoja kimoja, na haviachwi kazini. Zamu ikiisha naviosha, navifuta, kila kimoja kinaingia kwenye ala yake, halafu nakunja ule mkoba wa turubai kama unavyokunja mkeka, nafunga kamba zake mbili, unaingia chini kabisa kwenye begi la mgongoni. Wenzangu wa jikoni mtanielewa, kisu ukikiacha pale kesho yake unakuta mtu amefungulia kopo, ncha imeenda.

Sasa juzi kati natoka zamu, inakaribia saa saba usiku, nakuta askari wawili wanasachi mabegi ya watu wanaopanda basi. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, nikafungua begi mwenyewe. Yule mmoja akakunjua mkoba juu ya meza, visu sita vimejipanga, akaviruka vyote akachomoa kile cha kutolea mifupa, kile chembamba chenye bapa linalopinda kidogo, akakiinua kwenye taa akaniuliza hiki cha nini. Nikamjibu mi mpishi, hicho ni cha kutenganisha nyama na mfupa. Akasema jiko liko wapi hapa? Nimevaa suruali ya kazi, aproni imo humo humo ina madoa ya siku nzima, mikono inanuka moshi. Watu wote kwenye foleni wananiangalia, na kuna mama mmoja alimvuta mwanae akamsogeza upande wa pili. Hiyo ndo imeniuma kuliko yote aisee.

Nilikalishwa karibu masaa matatu. Wakaandika maelezo, wakampigia msimamizi wangu akiwa usingizini, mwisho wakaniachia bila kesi ila kile kisu wamebaki nacho.

Swali langu sasa, na naomba tujibizane bila jazba. Kumfunga mtu aliyemchoma mwenzake naelewa. Hata aliyemtishia naelewa. Ila mtu ambaye hajafanya chochote, kisu kimelala kwenye begi, kosa lake ni lipi hasa? Anahukumiwa kwa alichofanya au kwa kile ambacho mwingine anadhani angeweza kufanya? Na kwanini nijieleze mimi wakati siku zote tunaambiwa anayeshtaki ndo athibitishe? Nataka kuijua mantiki yake, na kama kweli kuna haki ndani yake.


Mdau_wa_Sheria ameandika:

Pole sana mkuu. Na swali lako limeshaumiza vichwa vya majaji sehemu nyingi tu, kwa hiyo usijione unauliza jambo dogo.

Nitumie Uingereza kama mfano maana sheria zao zinaonyesha vizuri jinsi fikra ilivyohama. Wana sheria mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ya mwaka 1953 inahusu silaha za kudhuru, na silaha wamezigawa mafungu matatu: kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuumiza watu, kitu cha kawaida kilichogeuzwa ili kiumize (mfano chupa umeivunja makusudi ibaki na meno), na kitu cha kawaida kabisa ila wewe umekibeba kwa nia ya kuumiza. Ukiangalia hapo nia bado ina nafasi kubwa. Kisu chako cha mifupa kwa sheria hiyo ni chombo cha kazi mpaka upande wa mashtaka waonyeshe ulikuwa na nia mbaya nacho.

Shida ni kwamba nia iko moyoni mwa mtu. Kijana anakutwa na kisu cha jikoni kiunoni usiku wa manane anasema nampelekea shangazi, utathibitishaje vinginevyo? Ya pili ni ya mwaka 1988, kifungu cha 139, na hiyo haiulizi nia tena. Ukiwa na kitu chenye makali au ncha mahali pa watu wote tayari ni kosa, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yani sentimita 7.62. Halafu wanakupa mlango wa kutokea, uonyeshe una sababu ya msingi. Na sababu nyingine wamezitaja mle mle ndani ya sheria: kazi, dini, vazi la taifa. Kwa hiyo mpishi anayetoka zamu, visu vimefungwa kwenye mkoba, ni yule yule ambaye sheria ilimfikiria ilipoandika neno kazi.

Kuhusu kwanini ujieleze wewe. Mahakama ya rufaa ya kule iliulizwa hilo hilo mwaka 2003, kwamba je hii haivunji ile kanuni ya mtu kuhesabiwa hana hatia? Ikajibu haivunji, kwa maana mwendesha mashtaka bado ana kazi ya kuthibitisha ulikuwa na kisu, ulijua unacho, na ulikuwa mahali pa umma. Kinachobaki ni sababu, na anayeijua ni wewe mwenyewe, ndo maana unaulizwa wewe. Tena hautakiwi kuthibitisha mpaka isibaki shaka yoyote, inatosha hakimu aone maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuwa kweli kuliko kutokuwa.

Ila msidhani huo mlango ni mpana. Kuna kesi ya 1992 kule kule, mtu alitumia kisu kazini, kikabaki mfukoni, siku sita baadae akakutwa nacho akasema nilisahau. Mahakama ikasema kusahau peke yake si sababu ya msingi. Na kubeba kwa ajili ya kujilinda kwa jumla haikubaliki, labda uonyeshe kuna tishio la kweli linalokukabili muda huo huo.

Binafsi naikubali hiyo mantiki ikiwa mahakamani. Kinachonisumbua ni kwamba jambo lenyewe huwa halianzii mahakamani, linaanzia pale kwenye meza uliposimama wewe, saa saba usiku, mbele ya askari ambaye hajui kisu cha mifupa kinafananaje. Pale hakuna hakimu, hakuna wakili, na sababu yako ya msingi inapimwa na mtu aliyechoka.


FundiMazulia ameandika:

Mi naona hizi sheria zinamkamata anayefungua begi mwenyewe, kama mleta mada. Mwenye nia mbaya hakai foleni ya kusachiwa, anakificha kisu kwenye majani anakirudia akikihitaji. Sasa nani amezuiwa hapo? Amezuiwa fundi.

Halafu niwaambie kitu kinaniudhi mno, vipimo. Mdau ametaja inchi 3 za Uingereza. Japani wanahesabu sentimita 6, ukizidisha hapo huruhusiwi kutembea nacho bila sababu. Ujerumani tangu 2008 kisu kisichokunjwa mwisho ni sentimita 12, ila kile cha kukunja unachoweza kukifungua kwa mkono mmoja na bapa likashikwa na loki lisijikunje hairuhusiwi kutembea nacho bila sababu hata kikiwa kifupi. Mwili wa binadamu ni ule ule jamani, moyo uko mahali pale pale, namba zinatofautiana maana yake kila mtu amechagua namba yake.

Na hii ya loki ndo haina kichwa wala miguu. Kule Uingereza mahakama ilisema kisu cha kukunja chenye loki hakihesabiwi kuwa cha kukunja, kwa hiyo ule msamaha wa inchi 3 hakina. Sasa mimi kazi yangu ni kukata mazulia. Nina kovu linaanzia kwenye pingili ya kidole cha shahada linapanda hadi karibu na ukucha, nililipata nikikata kona, nimepiga goti, nimesukuma kisu kisicho na loki, kikajikunja kikanifunga kidole kama mlango. Nilikaa wiki tano sishiki kitu. Toka siku ile natumia chenye loki tu. Ndo niambiwe kile kinachonilinda vidole ndo hatari na kile kilichonikata ndo salama? Aliyeandika hiyo hajawahi kufanya kazi na kisu hata siku moja.

Bisibisi inaua. Nyundo inaua. Mkimaliza visu mtakuja kwenye kisanduku changu chote.


NesiWaUsiku ameandika:

Kaka FundiMazulia, hilo la loki una haki na sitabishana na wewe. Ila naomba unisikilize kwenye hilo la bisibisi na nyundo kwasababu mimi nakaa upande ambao nyie hamuuoni, nafanya kazi ya kupokea majeruhi usiku.

Watu wanadhani kumchoma mtu kunahitaji nguvu au hasira kubwa. Hakuhitaji. Ngozi ndo ukuta wenyewe. Ncha ikishapenya ngozi, ndani hakuna upinzani wa maana kama haijagonga mfupa, bapa linaingia lenyewe kwa msukumo ule ule mdogo, na aliyeshika mpini mara nyingi anashangaa limefika wapi. Ndo maana wengi wanasema nilitaka kumtisha tu, na mimi wengi wao nawaamini. Nyundo lazima uinyanyue, uizungushe, ukusudie. Kisu unaweza kuua nacho kabla hujaamua.

Kuna usiku mmoja siusahau. Waliletwa vijana wawili, marafiki, waligombana jambo ambalo hata aliyebaki hakuweza kulieleza vizuri. Jeraha lilikuwa pajani upande wa ndani, upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba, ukiliona unaweza kusema hili nyuzi mbili linaisha. Lakini pale ndo unapita mshipa mkubwa wa paja na ukikatika una dakika chache sana. Tulijitahidi. Yule mwenzake, aliyemchoma, alikuwa amekaa chini kwenye korido ameshika kiatu kimoja cha rafiki yake, hakukubali kukiachia hata askari walipokuja. Alikuwa anarudia maneno yale yale, kilikuwa cha kujilinda, kilikuwa cha kujilinda. Na ni kweli kilikuwa cha kujilinda! Hakukibeba kwa ajili ya rafiki yake. Ila ndo alichokuwa nacho mfukoni dakika ile hasira ilipopanda.

Kwa hiyo mpishi kaka yangu, ukiniuliza kosa la kubeba ni lipi wakati hajafanya chochote, mimi nitakujibu kwamba sheria inajaribu kuwahi ile dakika. Ikishapita haina cha kumpa yule kijana wa pajani. Kifungo cha mwenzake hakikumrudisha.

Kuhusu vipimo, mimi ningeangalia ncha kuliko urefu. Mwaka 2005 madaktari fulani wa Uingereza waliandika kwenye jarida la kitabibu la BMJ wakauliza kwanini visu virefu vya jikoni viendelee kuuzwa na ncha kali, wakati kukata kunafanywa na makali na ncha kazi yake ni ndogo. Na hilo wazo si la leo, mwaka 1669 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alikataza visu vyenye ncha, mezani hadi njiani. Mpishi utaniambia kama kisu cha ncha butu kinafaa, mimi jikoni si fundi.


Kimya_Kimya ameandika:

Nimesoma ya dada Nesi nimekaa kimya kwanza.

Mi nilibeba kisu karibu miaka miwili, nina miaka 17, 18 hivi. Sikuwa mhuni. Rafiki yangu alipigwa akaporwa, nikasema mi hawatanifanya hivyo. Nataka kuwaambia kinavyokufanya maana walioandika sheria wanahisi tu. Mkono unakaa mfukoni muda wote. Unajua kilipo kila sekunde kama unavyojua ulimi uko wapi. Na kitu kinabadilika kwenye kutembea, zamani nikiona kundi nimehisi vibaya navuka barabara, nilivyoanza kubeba nikaacha kuvuka. Matusi ambayo ningeyapotezea nikaanza kuyajibu. Kisu hakikunipa usalama, kilinipa sababu ya kutoondoka mahali ambapo ningepaswa kuondoka. Halafu wengine wakijua unabeba na wao wanabeba, na wao wanasema wanajilinda dhidi yako. Kila mtu anajilinda na hakuna aliye salama.

Nilivyoacha sio kwasababu niliogopa jela, nisiwadanganye. Mjomba alikiona siku moja nafua suruali, hakunigombeza, akaniuliza tu ukikitoa hiki, halafu? Nikakosa jibu. Akauliza tena, halafu? Ila sheria ilinisaidia kitu kimoja ambacho watu hawakifikirii, ilinipa la kuwaambia wenzangu. Badala ya kusema nimeogopa nikasema wanasachi sana siku hizi siwezi kubeba. Wakanielewa bila kunidharau. Kwa kijana wa umri ule hiyo ni kubwa sana.

Ndo maana napenda walichofanya Glasgow kule Uskochi, polisi wenyewe mwaka 2005 walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili kikaanza kuuchukulia kama ugonjwa unaoambukiza, wakawatafuta vijana wa magenge wakawaambia mambo mawili kwa pamoja, ukiendelea tutakukamata, na ukitaka kutoka hii hapa njia ya kazi na msaada. Yote mawili. Kule mauaji ya visu yalipungua miaka iliyofuata. Kumkamata kijana mwenye kisu bila kumuuliza anamwogopa nani ni kumnyang'anya tu, kesho anachukua kingine jikoni kwao.


DadaHoja ameandika:

Naunga mkono karibu yote ila naona kuna kitu mnakipita. Mpishi ameuliza kuhusu HAKI, na haki hapa sio tu kama sheria ina mantiki, ni nani inamwangukia. Sheria ambayo askari ndo anaamua papo hapo huyu fundi huyu mhalifu, lazima uangalie anaamuaje.

Chukueni New York. Tangu 1958 walikuwa na sheria inayokataza kisu kinachofunguka kwa uzito wake au kwa kurushwa, kilichokusudiwa ni aina fulani ya visu vikubwa vya zamani. Lakini njia ya kupima ilikuwa kukunjua mkono kwa nguvu, kisu kikifunguka na bapa likashikwa na loki basi ni haramu. Sasa visu vingi vya kawaida vya kukunja vya mafundi, vinavyouzwa waziwazi madukani, mtu mwenye mkono mzoefu anaweza kuvirusha vikafunguka, mwingine akajaribu mara nne tano visifunguke. Yani uhalali wa kisu chako unategemea mkono wa aliyekukamata! Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Weusi na Walatino, na wengi walikuwa wanakitumia kazini. Mmojawapo, na hapa mleta mada usome mara mbili, alikuwa MPISHI, alikamatwa 2013 akiwa na kisu anachotumia kazini. Alikwenda mahakama ya shirikisho na mwezi Machi 2019 jaji akakubaliana naye kwamba sheria ile kwa jinsi ilivyotumika kwake haieleweki, mtu hawezi kujua kabla kama kisu chake ni halali au la. Miezi miwili baadae sheria yenyewe ikafutwa.

Kwangu hicho ndo kipimo. Je mtu mwenye nia njema anaweza kujua ASUBUHI akiwa anafunga begi lake kwamba yuko ndani ya sheria? Kama jibu linapatikana usiku mbele ya askari, hiyo sheria ni mbovu hata kama nia yake nzuri. Na ndo maana mimi tofauti na FundiMazulia napenda namba. Sentimita zinaweza kuwa zimechaguliwa tu lakini rula haiangalii sura ya mtu. Ukiondoa namba ukaacha "kama askari ataona inafaa", unajua mwenyewe nani atasimamishwa. Uingereza wana kifungu cha 60 cha sheria ya 1994, eneo likishatangazwa askari anaweza kukusachi bila hata kukushuku, na malalamiko ya miaka yote ni kwamba Weusi wanasimamishwa zaidi kuliko Wazungu kwa kiwango kikubwa.

Na kuna mfano mzuri wa kuyaweka yote mawili pamoja, usalama na haki. Kanada, mtoto wa Kisikh wa miaka 12 kisu chake cha dini, kirpani, kilimdondoka uwanjani shuleni. Shule ikataka kukataza kabisa. Ilifika mahakama ya juu kabisa, 2006 wakaamua aruhusiwe lakini kwa masharti: kivaliwe ndani ya nguo, kiwe kwenye ala ya mbao, ala ishonewe ndani ya kitambaa ili kisichomoke kirahisi. Mahakama ikasema mle mle shuleni kuna mikasi na bikari na magongo ya kuchezea ambayo ni rahisi zaidi kuyafikia. Hawakumwambia mtoto chagua dini au shule, na hawakupuuza hofu ya wazazi wengine. Waliuliza swali moja la maana sana, kisu hiki kinafikika haraka kiasi gani mtu akikasirika? Hilo ndo lile la dada Nesi, ile dakika. Mkoba wako mpishi wa kamba mbili chini ya begi umelijibu tayari, na yule askari angeulizwa hilo badala ya "jiko liko wapi" ungelala kwako mapema.


MpishiWaZamu ameandika:

Dah. Sikutegemea kujibiwa hivi, ahsanteni sana, nimesoma mara mbili zote.

Dada Nesi nikujibu la ncha kwanza. Kwa kisu kikubwa cha kukatia mbogamboga ncha butu ningeweza kuizoea, kweli kabisa, kazi kubwa inafanywa na tumbo la kisu. Ila kile cha mifupa bila ncha hakina maana, ncha ndo inayotangulia kutafuta kiungo pale nyama inapoachana na mfupa, unaenda kwa kuhisi huoni. Kwa hiyo ukipiga marufuku ncha kwa watu wote majumbani mimi siwezi kulalamika mradi uwepo utaratibu wa wenye kazi.

Hiyo habari ya kijana na kiatu imenigeuza kidogo. Nilikuja hapa nikiamini kubeba hakuwezi kuwa kosa. Sasa naona kubeba mfukoni, mkono umeshika, ni jambo moja, na kubeba kwenye mkoba uliofungwa ni jambo lingine, na kinachoniumiza ni kwamba pale kwenye meza tulihesabiwa sawa. Yule mama aliyemvuta mwanae simlaumu tena. Angejuaje.

Kimya_Kimya mdogo wangu ahsante kwa kusema.

Mdau, naomba nikuulize, ningefanya nini tofauti usiku ule? Na kisu changu nakipataje?


Mdau_wa_Sheria ameandika:

Kila nchi na utaratibu wake kwa hiyo la kwanza muulize wakili wa hapo ulipo. Ila kwa jumla yanayosaidia ni yale yanayojibu swali kabla halijaulizwa. Beba kitambulisho cha kazi au barua ya mwajiri inayosema kazi yako inahitaji visu na unasafiri navyo. Mkoba ufungwe, ikiwezekana na kikufuli kidogo. Njia iwe ya moja kwa moja, kazini kwenda nyumbani, maana ukipitia sehemu ya starehe na visu vyako ile sababu ya kazi inaanza kulegea. Siku ya mapumziko visu vibaki nyumbani, kumbuka yule wa siku sita. Na ukisimamishwa sema mapema kabla hawajafungua, "nina visu vya kazi kwenye begi, vimefungwa, mimi ni mpishi". Kumwambia askari kabla hajaona ni tofauti kabisa na kumwelezea baada ya kuona.

Kisu chako, kama hakuna kesi basi hakuna sababu ya kukishikilia kama kielelezo. Nenda mchana, omba kuonana na mkuu wa zamu, uliza kiliandikwa kwenye daftari gani na kwa namba gani. Ulipewa karatasi yoyote siku ile?


FundiMazulia ameandika:

Kikufuli sawa, barua sawa, mi pia nitaiomba. Ila bado nasema mtu atakayekaa kuandika hizi sheria amwite fundi mmoja na mpishi mmoja wakae naye siku nzima, na amwite huyo dada Nesi pia. Loki nitaitetea mpaka mwisho.


MpishiWaZamu ameandika:

Karatasi ninayo, ndogo imeandikwa kwa mkono, "kisu kimoja kirefu chembamba", hakuna namba. Keshokutwa sina zamu, naenda asubuhi, nachukua na aproni. Nitawaletea mrejesho.